Kapu la Majina

Kabla wimbo haujapimwa, husafishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Leokadia Mapunda, na katika ghorofa nzima ya Taasisi ya Mizani hakukuwa na aliyeifanya vizuri kumzidi. Nyimbo ziliingia kutoka kila pembe ya Shirikisho: za harusi, za ibada, za kutwanga, za kubembeleza watoto, za vijana wanaobeba zege. Mashine ilizigeuza kuwa maandishi. Leokadia alizipokea zikiwa bado na makapi yake, yaani vile vipande visivyobeba habari: ee, haya, jamani, lele. Kanuni alizoziandika zilivipepeta na kuvitupa kapuni. Kilichobaki kilipanda mizani.

Kila neno lililobaki lilikuwa na rangi yake. Mavuno, shibe, ngoma na mwali yalikuwa maneno ya kijani. Njaa, homa, kaburi na hofu yalikuwa mekundu. Mfumo ulifuatilia kila neno wiki hadi wiki, ukachora mstari wa kupanda na kushuka kwake, kisha ukakipaka kila kitongoji rangi kulingana na mistari yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa Ramani. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Ramani, ilifunuliwa kwenye skrini kubwa za viwanja vya miji yote, na mgao wa serikali wa mwaka mzima ukaifuata.

Sheria ilikataza kusikiliza mazungumzo ya raia. Wimbo haukukatazwa. Waliotunga sheria walisema kwamba mtu anayeimba anataka asikike, na hakuna aliyeibomoa hoja hiyo mahakamani. Kwa hiyo kila nguzo ya taa ilikuwa na sikio la chuma, lililolala watu wakisema na kuamka watu wakiimba.

Asubuhi hiyo Fikirini Shomari, aliyekaa meza ya jirani, alizungusha skrini yake ili Leokadia aione. Fikirini alikuwa mtu wa pwani, na kwa sababu hiyo tu alijitangaza kuwa mtani wa kila mtu wa kusini.

"Kwenu huko wanakula nini, mtani?" aliuliza. "Sisi huku tunaimba mapenzi yaliyotushinda. Wao wanaimba shibe mwaka mzima."

Alikuwa akionyesha Lwanzali, makazi ya wachimba madini kusini kabisa, pembeni ya mto wa jina hilohilo. Hakuna kitongoji katika Shirikisho kilichokuwa na kijani kizito kama kile. Mistari yake myekundu ilikuwa imelala chini, bapa, kama nyuzi zilizokatwa.

Mkurugenzi, Bi. Mwantumu Jecha, alikwisha kuiona. Alimwita Leokadia ofisini kwake, akampongeza, na kumwambia kwamba angekwenda Lwanzali kukabidhi Ngao ya Kijani kwa niaba ya Taasisi. Alisema ni haki yake kwenda. Bila kanuni ya majina, Ramani isingeiona furaha ya watu wale.

Kanuni ya majina ndiyo iliyompandisha cheo Leokadia. Chanzo chake ni desturi inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuhudhuria ngoma: mwimbaji humtaja mtu kwa jina katikati ya wimbo, na aliyetajwa huinuka, hucheza hadi mbele na kumtunza kwa noti. Wimbo mmoja wa harusi uliweza kutaja ukoo mzima pamoja na majirani. Katika miaka ya mwanzo ya Taasisi, neno kubwa kuliko yote nchini lilikuwa jina la mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyependa kutajwa. Lilikuwa juu ya mvua, juu ya Mungu, juu ya mapenzi. Chati hazikusomeka. Leokadia ndiye aliyependekeza kwamba majina yote ya watu yahesabiwe kuwa makapi. Kapu lilijaa, chati zikang'aa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifunua kapu kutazama ndani.

*

Gari la kampuni lilimpokea kwenye uwanja mdogo wa ndege. Pamoja na dereva alikuwemo Bwana Otmar Haule, afisa wa ustawi wa makazi, mwanamume mwenye sauti ya upole na shati lililopigwa pasi vizuri. Njia nzima alieleza jinsi nyumba zilivyopakwa rangi na jinsi zahanati ya kampuni ilivyopunguza wagonjwa. Walipita mtambo wa kuoshea mawe, uliokaa kwenye mteremko kama meli iliyopanda nchi kavu. Chini yake mto ulitoka ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Leokadia aliuliza kama maji yale yanatumika. Bwana Otmar alisema yanachujwa, akampa chupa ya maji baridi kutoka kwenye sanduku la barafu.

Sherehe ilifanyika alasiri kwenye uwanja wa mpira. Nguzo yenye sikio ilikuwa katikati ya mstari wa pembeni, imepakwa rangi mpya. Hotuba zilikuwa fupi. Ngao ilikabidhiwa, makofi yakapigwa, kisha wapiga ngoma wakaanza, na mwanamke wa makamo aliyevaa miwani minene akachukua kipaza sauti. Huyo alikuwa Asteria Mbunda. Ndiye aliyeimbisha kila shughuli ya Lwanzali, Bwana Otmar alinong'ona, na ndiye hasa aliyestahili ngao.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kawaida. Ulisifu mahindi yaliyojaa ghalani na nguo mpya za watoto. Watu wazima walicheza kwa mduara mpana wa taratibu. Baada ya beti mbili, Asteria alianza kutaja.

"Gotfrid Nyoni, ee," aliimba, na mduara ukaitikia.

Leokadia aliingiza mkono kwenye mkoba na kuandaa noti, maana mgeni akitajwa hafai kukutwa mikono mitupu. Alimsubiri Gotfrid Nyoni ainuke. Hakuinuka mtu. Pale kwenye mduara watu walisogea kidogo, pakabaki nafasi ya upana wa mtu mmoja. Nafasi hiyo ilizunguka pamoja nao. Kisha waliibana, na Asteria akataja jina jingine.

"Eusebia wa Kapteni, ee."

Tena hakuna aliyeinuka. Tena nafasi ilifunguka, ikazunguka, ikafungwa. Mwanzoni Leokadia alidhani wanaona haya mbele ya wageni. Baadaye alidhani waliotajwa wako zamu mgodini. Majina yaliendelea. Hakuna noti hata moja iliyotua kwenye paji la uso la mwimbaji, na mwimbaji hakuonekana kuitarajia.

"Mtoto wa Sesilia, ee."

Hapo Leokadia aliacha kupapasa mkoba. Hakuna mtu anayetajwa hivyo ili atoe tunzo. Hivyo hutajwa mtoto aliyeondoka kabla hajapewa jina. Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa akicheza upande wa mbele alisimama palepale, macho chini, mpaka jina lililofuata lilipotajwa. Kisha akaendelea kucheza, hatua zake zikiwa sawasawa na za wenzake.

Wimbo ulichukua muda mrefu sana. Bwana Otmar alipiga makofi kwa mdundo hadi mwisho.

"Watu wetu wanapenda kutajana," alisema.

*

Leokadia aliomba kwenda kumshukuru mwimbaji nyumbani kwake, akasema angependa kwenda peke yake, kama mwanamke kwa mwanamke. Bwana Otmar hakuona ubaya. Nyumba ya Asteria ilikuwa ya mwisho kwenye safu ya juu, karibu na kilima. Uani palikuwa na mapipa ya maji ya mvua yaliyofunikwa kwa mabati na kuwekewa mawe. Katika msimu ule wa kiangazi, kila pipa lilisikika tupu lilipogongwa na bawa la kuku.

Alitoa shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda. Aliuliza moja kwa moja wale waliotajwa ni akina nani.

Asteria alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena ndipo akaanza kusimulia, na alisimulia kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia zamani. Ilianza na wanaofanya kazi kwenye mtambo. Ikaja kwa wake zao wanaofua nguo zao, kisha kwa watoto. Meno hulegea, tumbo huvimba, mtu hukauka akiwa anakunywa. Zahanati huandika homa. Kila mtu Lwanzali anajua kwamba ni mto. Hakuna maji mengine.

Leokadia aliuliza kwa nini hawakuimba hayo. Ramani ingewaona.

"Mkalanga waliimba hayo," Asteria alisema. "Mliwaona. Mliwafanya nini?"

Leokadia aliijua Mkalanga. Ilikuwa ng'ambo ya mto, na mstari wake mwekundu aliuchora yeye mwenyewe. Ulipopanda, malori yalitumwa. Utaratibu wa wekundu ulikuwa kuwahamisha watu kutoka mahali pa hatari, na walihamishwa haraka, kila lori likielekea kambi yenye nafasi. Miezi michache baadaye nyimbo za Mkalanga zilikuwa zimetawanyika katika wilaya nyingi, tone moja hapa na tone jingine kule, na mstari mwekundu ukatoweka. Ofisini walisema umepona. Walikata keki.

"Dada yangu yuko wapi, sijui," Asteria aliendelea. "Mumewe alipandishwa lori la pili. Tulipowatafuta, tuliambiwa wako salama. Makaburi yao yalilimwa yakawa barabara."

Kwa hiyo Lwanzali walijifunza. Wasingeweza kunyamaza, kwa sababu kitongoji kisichoimba hutembelewa na wakaguzi. Wasingeweza kuimba msiba, kwa sababu msiba ni mwekundu. Lakini maiti asipoimbwa, watu wa huko husema hajafika. Mwalimu mmoja ndiye aliyegundua, kwa kuilinganisha Ramani na mazishi, kwamba majina hayabadilishi rangi. Walijaribu kidogo kidogo, kama mtu anayeonja uji wa moto kwa ncha ya ulimi. Walitaja mmoja, wakangoja. Wakataja wawili. Nguzo haikusema kitu. Basi wakawaweka wafu wao wote ndani ya nyimbo za shibe, na kila wiki wimbo ukarefuka.

"Hatujui nani aliwafundisha kutosikia majina," alisema. "Tunamwombea."

Leokadia aliangalia mikono yake.

Asteria alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha kilima. Juu, mahali ambapo maji machafu ya mtambo hayafiki, palionekana msingi wa kanisa dogo na lundo la udongo lililozidi msingi. Ndani ya msingi ule walikuwa wanachimba kisima kwa siri, kampuni isijue. Udongo ulikwisha kuanza kutoka na unyevu. Walihitaji kuyafikia maji kabla ya mvua, maana mvua zikianza shimo lingejaa matope na kubomoka. Wakifika, maji yangeshuka kwa mpira usiopita mtamboni.

"Mpaka mvua," Asteria alisema. "Sikuombi zaidi ya hapo. Usituone mpaka mvua."

"Na watakaokunywa ya mtoni kuanzia leo mpaka siku hiyo, mama?"

"Nitawaimba."

Leokadia alisema kwamba hilo si jibu. Asteria alikubali kwamba si jibu. Alisema hana jingine, na kwamba kama mgeni wake analo, alitaje sasa kabla gari halijaja. Leokadia alitafuta, na alipoona hana, aliahidi.

*

Alirudi mjini na kulifunua kapu.

Mfumo ulihifadhi kila kilichotupwa. Alichukua majina ya kitongoji kimoja cha kawaida, mji mdogo wa wakulima wa pamba, akayachora ili apate kipimo. Yalionekana kama manyunyu juu ya kioo: jina lilitokea usiku wa harusi, likawa kubwa, wiki iliyofuata halipo. Hivyo ndivyo tunzo zinavyoonekana. Kisha akachora ya Lwanzali. Kila jina liliingia wiki fulani na halikutoka tena. La kwanza lilikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto kwenda kulia. La pili lilianza mbele kidogo, likakaa juu ya la kwanza. La tatu likakaa juu ya la pili. Zikawa ngazi, na ngazi hizo zilikuwa na upande mmoja tu wa kwenda.

"Hizo si tunzo, mtani," Fikirini alisema nyuma yake.

Leokadia hakumsikia akija. Alifikiria kudanganya, akaacha, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane Fikirini hakutania. Aliuliza kama amemwambia Bi. Mwantumu. Alipojibiwa hapana, aliuliza kama ana mpango wa kumwambia. Leokadia alisema ameahidi mpaka mvua.

"Na hiyo ngazi ya juu kabisa," Fikirini alisema, "imeongezeka tangu uahidi?"

Ilikuwa imeongezeka. Walikuwa wameingia watu wawili.

Tangu siku hiyo alilifungua kapu kila asubuhi kabla ya kazi nyingine. Alijaribu kutoyasoma majina, kuyaona kama mistari tu. Haikuwezekana. Alianza kutambua koo. Alijua ni nyumba ipi imebakiwa na nani. Akila chakula cha mchana, alifikiri kuhusu udongo wenye unyevu na akaomba mvua ichelewe, wakati nchi nzima ikiomba iwahi.

Kikao cha maandalizi ya Siku ya Ramani kiliitwa katika wiki za mwisho za kiangazi. Bi. Mwantumu alisoma mapendekezo ya mgao, wilaya baada ya wilaya, kwa mpangilio aliokuwa nao siku zote. Alipofika Lwanzali alitabasamu. Kampuni ilikuwa imeomba kibali cha mtambo wa pili, mkubwa zaidi, na wizara ilitaka kujua mahali ambapo wananchi wangeupokea vizuri. Ramani ilikuwa imejibu. Mtambo ungejengwa kilimani, juu ya makazi. Mashine za kusawazisha ardhi zingepanda mara tu baada ya Siku ya Ramani.

Leokadia aliuliza kama kuna sababu nyingine, mbali na Ramani.

"Kwani inahitajika nyingine?" Bi. Mwantumu alijibu. "Penye furaha ndipo pa kupanua. Hiyo ni kazi yako, mwanangu. Jivunie."

Baada ya kikao Leokadia alimfuata ofisini. Hakumtaja mtu wala mahali. Aliuliza tu, kama swali la kitaalamu, endapo kitongoji cha kijani kingegundulika kuwa chekundu, na sababu ikawa maji, je, isingewezekana kupeleka maji badala ya malori. Bi. Mwantumu hakuwa mtu mkatili. Alilifikiria swali hilo kwa dhati, kidole kikigonga meza.

"Maji yanataka mradi, na mradi unataka miaka," alisema hatimaye. "Malori yapo tayari. Mtu anapozama, humsubirishi mpaka umjengee daraja."

Kisha alimtazama kwa makini zaidi, akauliza kama kuna jambo. Leokadia alisema hakuna.

*

Mazungumzo hayakusikilizwa na mtu, basi alipiga simu Lwanzali bila woga. Alitaka Asteria ajue habari za mtambo na aamue mwenyewe. Aliyepokea alikuwa Sesilia, yule mwanamke kijana wa kwenye mduara. Mama Asteria alikuwa kitandani, alisema, hawezi kushika simu, na maneno yake hayaeleweki tangu juzi. Lakini kabla hajazidiwa aliacha agizo kwamba dada wa Mizani akipiga akumbushwe jambo moja: mpaka mvua.

Leokadia alimweleza kuhusu mashine zitakazopanda kilimani.

"Basi kisima kimekufa," Sesilia alisema.

"Nikiwaonyesha, watasimamisha mtambo. Lakini watatuma malori."

"Mwanangu yuko pale chini ya mkorosho. Nitapanda lori nimwache na nani?"

"Na ukibaki, utakunywa nini?"

Sesilia alisema kwamba wazee wamegawanyika. Wengine wanataka kuimba homa waziwazi na yaishe, na wengine wamewakataza. Hakumwambia Leokadia afanye, na hakumwambia asifanye. Alisema anaitwa na mgonjwa, akakata.

Leokadia alikaa mbele ya skrini. Akinyamaza, ahadi ingetimia na watu wangepoteza kisima, kisha wangekunywa maji ya mitambo miwili badala ya mmoja, huku Ramani ikiwapongeza. Akisema, angeyaita malori kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoyaita Mkalanga. Njia zote mbili alikuwa amezipima, na zote mbili zilikuwa na majina mwishoni.

Aliamua kuona kwanza. Katika nakala ya majaribio, ambayo haikuonwa na mtu nje ya ghorofa yao, aliiondoa kanuni ya majina. Mahali pake aliweka kanuni mpya: jina linalokuja na kuondoka ni tunzo, litupwe, jina linalokuja na kubaki, au linalotajwa pamoja na yaliyobaki, lipimwe kama kaburi. Alitaka kuihusisha na Lwanzali peke yake, lakini mfumo ulikataa. Kanuni za usafi zilikuwa moja kwa nchi nzima, na sharti hilo pia alilitunga yeye, ili asiwepo mtu wa kupendelea kwao. Basi akairuhusu ipite nchi nzima na kungoja nukta moja igeuke.

Lwanzali iligeuka kwanza, kutoka kijani kizito hadi wekundu mzito. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakuwa amejiandaa kwa nukta ya pili. Ilikuwa mashamba ya chumvi, mbali sana na Lwanzali, mahali palipopata ngao mwaka uliotangulia. Ya tatu ilikuwa kambi ya reli. Kisha zikaja kwa pamoja, kama upele: mashamba ya miwa, viwanda vya ngozi, machimbo ya kokoto, mtaa mmoja wa mjini uliokuwa karibu kiasi kwamba paa zake zilionekana dirishani. Alifungua chati moja baada ya nyingine. Kila mahali palikuwa na ngazi. Penye kijani zaidi ndipo ngazi zilipokuwa ndefu zaidi.

Waimbaji husafiri. Huolewa, huhama, hukodiwa harusi za mbali. Alichogundua mwalimu mmoja Lwanzali kiligunduliwa na wengine pia, au kilichukuliwa na sauti moja kupeleka nyingine, na nchi nzima ilikuwa imejificha ndani ya kapu lake.

Fikirini alisogeza kiti akakaa kando yake. Walitazama mpaka hesabu ilipokwisha. Fikirini alifungua chati ya mtaa ule wa mjini, akasoma jina moja katikati ya ngazi, akaifunga. Leokadia hakumuuliza ni la nani.

"Serikali ina malori mangapi?" Fikirini aliuliza.

"Hayatoshi," Leokadia alisema. Alipolisema ndipo alipolielewa. "Kwa Mkalanga moja yalitosha. Kwa hizi zote hayatoshi. Hakuna kambi za kuwatosha."

"Kwa hiyo watapeleka maji?"

"Sijui watapeleka nini. Wanaweza kupeleka risasi. Lakini hawawezi kuwahamisha."

Fikirini alivua kitambulisho chake shingoni na kukiweka mezani. Alisema kuweka nakala ya majaribio mahali pa ile ya kuonyeshwa viwanjani kunahitaji idhini ya watu wawili, na kwamba yeye hana watoto.

*

Siku ya Ramani watu walijaa uwanjani mapema. Palikuwa na bendi, na wauza karanga, na akina mama waliovaa sare za vikundi vyao. Bi. Mwantumu alikuwa jukwaani pamoja na wageni wa wizara. Leokadia alisimama chini, kati ya watu, kwa sababu hakutaka kukamatwa akiwa mahali ambapo hawezi kuona.

Pazia lilianguka. Makofi yalianza kwa mazoea, yakapungua, yakakatika. Juu ya skrini nchi ilikuwa nyekundu, na juu ya wekundu huo, kama mfumo ulivyofanya siku zote kwa maneno mazito ya kila mahali, yaliandikwa maneno yaliyobeba uzito. Yote yalikuwa majina ya watu.

Umati ulianza kusoma. Midomo ilitembea. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya reli alisoma jina kwa sauti, si kwa kuimba, kwa kusema tu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Mwanamke wa upande wa pili wa uwanja alisoma lake. Kisha mwingine. Jukwaani Bi. Mwantumu alikuwa na simu sikioni na mkono mwingine hewani, akiwaashiria mafundi wazime, lakini mafundi nao walikuwa wamegeuka wanasoma.

Leokadia aliitafuta Lwanzali kusini kabisa. Ngazi ilikuwa pale. Kwenye kidato cha juu, kwa herufi ndogo kwa kuwa lilikuwa limeimbwa mara moja tu, alilikuta jina la Asteria Mbunda. Hakujua nani aliyeliimba. Alikuwa amevunja ahadi kwa mtu ambaye hangeweza tena kumsamehe wala kumlaumu, na mvua zilikuwa hazijaanza.

Askari wawili walikuwa wanapenya kwenye umati kumjia. Nyuma yao, kwenye barabara ya kutokea mjini, malori yalikuwa yamekwisha kupangwa kwa safu, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, injini zikiwaka. Dereva wa lori la kwanza alitoa kichwa dirishani na kumuuliza msimamizi waelekee wapi. Msimamizi aliinua macho kwenye skrini, akatafuta mahali pa kuanzia, na hakupaona. Akamwambia azime injini.